Mwenyekiti wa Magari Matano

Shemeji yangu Jailos alikuwa mtu pekee wa Mbeya aliyepanda milima kwa kisogo. Wenzake wakipanda kwa gari hutazama mbele. Yeye akifika chini ya mlima wenye matope aligeuza gari, akatia gia ya nyuma, akapindua shingo kama kuku anayetafuta kupe begani, halafu akapanda kinyumenyume mpaka juu. Watoto wa Ilomba walimkimbilia wakipiga kelele, "Anarudi! Anarudi!" Naye alitoa kichwa dirishani akajibu, "Sirudi, napanda, wajinga ninyi!"

Gari lenyewe lilikuwa Orwin. Kama hujawahi kulisikia usijilaumu, hata Waingereza wengi hawakulisikia. Kiwanda kidogo cha kwao kilitengeneza magari mia nne, basi. Sita kati ya hayo yaliletwa Chunya na wakala mmoja aliyewaapia Wazungu wa machimbo kwamba gari linalovutwa na magurudumu ya mbele halijui matope. Kwenye tambarare hakusema uongo. Lakini mlimani uzito wote hukaa nyuma, na magurudumu ya mbele hubaki yanapapasa tu, kwa hiyo dawa ni kugeuka ili yanayovuta yawe chini yanasukuma. Dhahabu ilipokwisha Wazungu wakaondoka na magari yakabaki. Moja lilizama Mto Songwe, na mto haujalirudisha mpaka leo. Yakawa matano. Kwa pua ile ndefu na kisigino kile kilichonyanyuka, kila moja watu waliliita Kiatu.

Jailos alikuwa dereva wa mchimbaji mmoja kwa miaka tisa. Siku ya kufungasha, Mzungu wake alimpa kadi ya gari akamwambia, "Lichukue, limenichosha." Jailos akalichukua kama mtu aliyepewa mke. Kila asubuhi alilifuta kwa shati alilobarikiwa nalo kanisani. Dada yangu Tupokigwe, ambaye ndiye mke wake halisi, alisimama mlangoni na beseni akasema, "Nina miaka sita katika nyumba hii, sijafutwa vumbi hata siku moja."

"Wewe huna rangi ya kutunza," Jailos akamjibu, na mchana ule alikula ugali mkavu.

Ubaya wa Orwin ulikuwa mmoja. Kwenye kila gurudumu la mbele palikuwa na jointi, chuma cha ukubwa wa ngumi kinachopeleka nguvu ya injini huku gurudumu likikata kona. Jointi hiyo haikuingiliana na ya gari lolote lingine duniani. Na kila ulipopanda kinyumenyume, ilijitafuna. Mwaka 1956 jointi za Jailos zilikuwa zinalia kama mlango wa kanisa. Aliandika barua kiwandani, na mwezi Juni jibu likaja kwa Kiingereza. Mimi ndiye niliyepewa nilisome, kwa kuwa katika ukoo wetu mimi ndiye msomi. Nilikuwa nimesoma nusu ya diploma ya ufundi huko Uganda, na ile nusu nyingine wakaniambia nikaisomee nyumbani.

"Soma, Fanueli," akasema. "Usiruke."

Nikasoma. Kiwanda kilikuwa kinafungwa. Jointi zilizobaki zingegawiwa bure, sanduku moja kwa kila chama cha wenye Orwin, na za ziada zingeyeyushwa mwisho wa Desemba. Hawakutaka mtu mmojammoja. Tena walishaumwa na nyoka: watu wa nchi fulani walijiandikia vyama vya uongo wakachukua jointi wakaziuza. Kwa hiyo chama kiwe na wenye magari wasiopungua watano. Wote waweke sahihi kwenye karatasi moja, katika mkutano mmoja. Na ipigwe picha, kila mtu amesimama kando ya gari lake, uso unaonekana.

Jailos alihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, akafunga ngumi. "Watano," akasema. "Nyanda za Juu nzima tuko watano kamili. Shemeji, Mungu ametuhesabu."

"Mungu akihesabu bila ziada," nikamwambia, "ujue anataka kuona utafanya nini."

Hakunisikia. Alikwisha kuwa mwenyekiti.

Tulianzia mbali, Kihesa pale Iringa, kwa Filemoni, seremala wa Kihehe aliyepewa Orwin yake na padri aliyechoka kuisukuma. Filemoni alitukaribisha vizuri, akatupa viti alivyovitengeneza mwenyewe, akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Mwenyekiti ni nani?"

"Mimi," akasema Jailos.

"Nani amekuchagua?"

"Nilikuwepo peke yangu."

"Basi ulishinda kwa kishindo. Na chama kinaitwaje?"

"Chama cha Wenye Orwin, Mbeya na Iringa."

Filemoni akaweka randa chini. "Iringa na Mbeya."

Nisikuchoshe. Majina mawili ya miji yalitula wiki tano na barua sita, kila mmoja akimwandikia mwenzake "Ndugu mpendwa" juu na matusi ya adabu chini. Mwishowe nikaandika "Nyanda za Juu" nikawaambia anayetaka kubadili ajifunze Kiingereza.

Wa pili alikuwa Liberatus wa Makambako, Mbena mpole asiyejua haraka. Gari lake tulilikuta limekaa juu ya mawe, jogoo amesimama juu ya usukani na mitetea wamejaa kiti cha nyuma.

"Karibuni," akasema. "Mimi sina gari, lakini nina banda lenye taa."

"Kadi unayo?" akauliza Jailos.

"Kadi ninayo."

"Basi una gari."

"Haya. Lakini msiwashtue. Huyu wa kushoto anaatamia."

Kwa kuwa gari la Liberatus lisingeweza kwenda kwenye mkutano, mkutano ungekwenda kwa gari. Makambako ilikuwa katikati ya safari kwa wote, na hilo lilikuwa jambo la kwanza na la mwisho katika chama kile kukubaliwa bila ubishi.

Waliobaki wawili walikuwa kwetu, na hapo ndipo penye mkasa. Saulo, kijana wa Tukuyu, kabla ya kwenda kwenye migodi ya shaba huko Kitwe, alinunua Orwin mbili kwa Wazungu waliokuwa wanaondoka. Moja alimpa baba yake, Mzee Andendekisye, mkulima wa kahawa. Nyingine alimwachia mkewe, Sekela, aliyekuwa akinunua mchele Usangu na kuuza Mbeya. Kadi ya gari la Sekela iliandikwa jina lake mwenyewe, kitu ambacho wanawake wa mjini walikwenda kukitazama kama ndama wa vichwa viwili.

Sasa, asiye Mnyakyusa aelewe jambo moja. Kwetu mke wa mtoto na baba mkwe wake hawaonani. Siyo kwamba hawapendani. Mke akisikia sauti ya mkwe njiani, anaingia shambani kwa mtu. Hamtaji jina. Mzee naye hukohoa kabla ya kukata kona, ili mkamwana apate nafasi ya kupotea. Hiyo ndiyo heshima yenyewe, na wapo waliobatizwa zamani ambao wameacha pombe, wameacha wake wa pili, lakini hilo hawajaliacha.

Jailos alizaliwa kwetu, lakini alikulia kambi za Chunya, kwa wachimbaji, ambako mtu alioga mbele ya mkwewe na mkwewe akamshikia sabuni. Mila aliijua kama unavyojua mvua iliyonyesha wilaya nyingine.

"Shemeji," nikamwambia, "hawa wawili hawasimami kwenye picha moja."

"Watasimama. Hili ni gari, siyo mahari."

"Waulize kwanza."

"Nikiwauliza watakataa. Wakifika pale wakaona magari matano yamepangwa, watalainika wenyewe. Mtu akishafika harudi."

"Wewe ndiye unayepanda ukirudi, usiwafundishe watu."

Alikwenda kwa Mzee Andendekisye akamwambia kwamba gari la Saulo litakuja Makambako, ila litaendeshwa na Fanueli. Akaenda kwa Sekela akamwambia kwamba gari la mzee litakuja, ila mzee atamtuma dereva. Uongo mmoja ni mguu mmoja, kwa hiyo alichonga miwili ili usimame sawasawa.

Tulitaka kukutana Agosti, ila wakati ule vyama vilikuwa havipendezi machoni pa serikali, na bila kibali mtu angeweza kulala ndani. Karani wa boma alisoma ombi letu mara mbili, kalamu ikiwa sikioni.

"Chama cha nini?"

"Cha gari," akasema Jailos.

"Kina mwenyekiti?"

"Mimi."

"Kina katibu?"

Akaninyooshea kidole. Nikainama.

"Na chama chenu kinataka nini?"

"Tunadai vitu vyetu kutoka Uingereza," akasema Jailos, kifua mbele, "kabla ya mwisho wa Desemba."

Karani akaitoa kalamu sikioni polepole. Yale maneno yakapanda ghorofani, yakakaa huko miezi mitatu na nusu. Tuliitwa mara nne. Mara ya mwisho tulitakiwa kuleta jointi moja mbovu iwekwe mezani kama ushahidi kwamba hatukuwa na siasa. Tulipata kibali mwishoni mwa Novemba, mvua ikiwa imeanza, jointi za Jailos zikiwa zimebakiza pumzi.

Mkutano ukapangwa Jumamosi, tarehe nane Desemba.

Tulitoka Mbeya alfajiri, Orwin mbili, Jailos na mimi mbele, Sekela nyuma peke yake, kitambaa kichwani na gunia la viazi kwenye kiti cha pembeni. Baada ya Igawa mlima ulikuwa sabuni tupu. Tukageuka wote wawili. Hebu fikiria, magari mawili yanapanda Makambako matako mbele, moja linalia kama mbuzi, na madereva wa malori wamesimamisha wanapiga makofi. Sekela alipanda vizuri kuliko sisi. Jailos hakulipenda hilo.

Kwa Liberatus palikuwa pazuri. Filemoni alikwisha kufika kutoka Iringa pamoja na mpiga picha na kamera yake ya miguu mitatu. Liberatus alikuwa ametoa ulanzi wa kwanza wa msimu, pombe ya mianzi, bado mtamu kama maji ya muwa.

"Kamwene, mwenyekiti!" Filemoni akaita. "Umekuja kwa uso au kwa kisogo?"

"Ndugu Filemoni, leo sigombani."

"Pole. Mimi nilijiandaa."

Sekela alishusha viazi akaviosha kwenye beseni, amesimama juu kabisa ya kiinuko cha kuingilia uani. Jailos alipanga magari, moja, mawili, matatu, akaacha nafasi ya Mzee. Alikuwa anaimba. Nilimwambia, "Mwambie Sekela sasa, kabla mzee hajafika." Akasema, "Acha anywe chai."

Hapo tukasikia injini. Orwin ya Mzee Andendekisye ilikuwa inapanda kiinuko kinyumenyume, mzee mwenyewe kwenye usukani na koti lake la kanisani, shingo ameipindua, macho ameyakaza kwenye kioo cha nyuma kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Angekuja kwa mbele kama watu wengine, Sekela angeona pua ya gari, angekuwa na nafasi ya kujificha. Yeye alikuja kwa kisogo, na uso wake ndio uliotangulia. Alipofika juu, kati ya macho yake na macho ya mke wa mwanawe palikuwa na kioo na beseni la viazi.

Sekela hakupiga kelele. Beseni lilianguka, kanga ikapanda kichwani, na kabla viazi havijaacha kubingirika alikwisha kufungua mlango wa gari la Liberatus akajitupa ndani na kuufunga. Kuku walitoka kwa madirisha yote manne. Jogoo akaruka juu ya kamera.

"Anayeatamia!" Liberatus akalia. "Jamani, anayeatamia!"

Mzee alizima injini. Akashuka upande wa pili, akatupa mgongo, akasimama akiitazama barabara ya Njombe kana kwamba anasubiri basi.

"Jailos," akaita.

"Naam, baba."

"Uliniambia ni shemeji yako anayeleta gari."

"Baba, ilikuwa..."

"Umenisimamisha uso kwa uso na mke wa mwanangu. Kwa ajili ya chuma."

"Baba, hili ni jambo la gari tu. Magari hayana ukwe."

"Kama ni gari tu, mbona umeniita mimi? Ungeliita gari."

Kutoka kwenye banda, sauti ya Sekela ikaja kwa chini, "Na mimi kaka Jailos aliniambia atakuja dereva."

Mzee hakugeuka, lakini alikohoa, kuonyesha amesikia bila kusikia.

Filemoni, ambaye ulanzi ulikuwa umeshamfikia, akaona zamu yake imewadia. "Ninyi Wanyakyusa bwana! Kama mkwe ni simba, mnamwozea nini kijana wenu?"

"Wewe Mhehe," mzee akasema akiendelea kuitazama Njombe, "mama mkwe wako mnakula naye sahani moja?"

Filemoni akainamia kikombe chake.

Sahihi zilipatikana. Karatasi ilikwenda kwa mzee, akaitia sahihi juu ya boneti, halafu nikaipeleka bandani nikaipitisha dirishani. Ilirudi na jina la Sekela limeandikwa kwa mwandiko safi wa shule ya misheni, na pembeni yake alama ya kuku, mbichi, kama muhuri wa boma. Jailos akapumua. Kilichobaki kilikuwa picha.

"Hapana," akasema mzee.

"Baba, dakika moja tu."

"Picha siyo dakika. Picha ni miaka. Utaniweka ukutani natazamana na mkamwana mpaka nife, na nikishakufa niendelee."

Jailos akakimbilia bandani. "Sekela, dada yangu, nakuomba. Gari tuliandike jina la Fanueli kwa leo tu. Asimame yeye. Jumatatu tunarudisha."

Sauti ikatoka bandani, "Kaka Jailos. Mume wangu yuko Kitwe mwaka wa tatu. Nyumba ni ya kupanga, shamba ni la baba mkwe, mtoto ni wa ukoo wao. Kitu chenye jina langu ni hiki. Umenidanganya mara moja, sasa unataka nikupe na kadi?"

Alirudi kwetu ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nilimwonea huruma na nilitamani kumpiga, vyote kwa wakati mmoja. Mpiga picha akauliza kwa upole kama kuna harusi au hakuna.

Mimi ndiye niliyetoa shauri. Zipigwe picha mbili. Kwanza mzee asimame na wenzake, gari la Sekela likiwepo bila mtu. Kisha mzee ashuke akapumzike kwa jirani, Sekela atoke, ipigwe ya pili. Nyuso tano, magari matano, siku moja, uwanja mmoja. Nami ningeandika barua ya kueleza.

Mzee aliendelea kuipa Njombe macho yake. "Picha mbili sawa," akasema. "Lakini bahasha mbili."

"Bahasha mbili?"

"Mimi na yeye tusilale uso juu ya uso kwenye bahasha moja mpaka Uingereza. Na zisisafiri kwenye mfuko mmoja wa posta. Jailos, nakubali kwa sharti hilo. Utafanya?"

"Nitafanya, baba."

"Uliniambia hivyohivyo juu ya dereva."

Jailos akavua kofia, kitu ambacho hakukifanya hata kanisani mpaka ashtuliwe. "Nimewadanganya wawili," akasema kwa sauti ya kufika bandani. "La tatu silisemi. Bahasha mbili, mifuko miwili."

Picha zikapigwa. Ya kwanza kila mtu amenuna. Ya pili Sekela ana unyoya kwenye kanga, na ndiye pekee anayeonekana mwenye gari.

Kurudi, tangu Makambako mpaka Chimala, nilimsemesha. "Shemeji, tia zote bahasha moja. Weka gazeti katikati. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe! Juzi ulikuwa hujui kama kuna mila, leo umekuwa mzee wa mila?"

"Siyo mila. Nimesema mbele ya watu."

"Ulisema mengi mbele ya watu! Desemba inakwisha, bwana!"

"Fanueli, niachie gia yangu."

Jumatatu tarehe kumi aliposti bahasha ya kwanza, yenye karatasi ya sahihi, barua yangu na picha ya mzee. Ya pili, ili isiukute mfuko wa kwanza njiani, aliiweka nyumbani, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa. Kila asubuhi nilipita nikaitazama. Nilimwambia dada yangu aichukue akaiposti. Akasema hagusi kitu kilichoapiwa. Jumatatu iliyofuata, tarehe kumi na saba, Jailos alivaa tai akaenda kuiposti mwenyewe. Barua zote za Krismasi za Wazungu wote wa Nyanda za Juu zilikuwa mbele yake.

Jibu lilikuja mwisho wa Januari. Liliandikwa kwa adabu, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Walisema walipokea sahihi tano na picha ya watu wanne. Walisoma maelezo yangu kwa hamu kubwa. Walisubiri picha ya mwanachama wa tano hadi siku ya mwisho. Ikafika tarehe nne Januari, picha nzuri, hasa ya yule mama, lakini jointi zilikuwa zimekwenda kuyeyushwa tarehe mbili. Walitutakia heri ya mwaka mpya.

Nilisoma bila kuruka. Jailos alisikiliza amesimama, mkono juu ya boneti.

"Siku mbili," akasema.

"Siku mbili. Bahasha moja, shemeji! Bahasha moja na kipande cha gazeti!"

"Nimekusikia."

"Hukunisikia! Ungenisikia ungekuwa na sanduku zima!"

"Nimekusikia tangu Chimala," akasema, akachukua shati lake la kubarikiwa, akaanza kufuta kioo. Wiki ileile jointi ya kulia ilikatika pale pale Ilomba, kwenye kilima kidogo ambacho hata baiskeli hupanda. Watoto walimsukuma mpaka nyumbani. Safari hiyo hawakupiga kelele, na nafikiri angependa wapige.

Mimi sikuweza kukaa kimya. Nilikwenda Tukuyu na barua ile mfukoni nikamsomea Mzee Andendekisye, neno kwa neno, na tarehe nikazirudia, ili ajue bahasha zake mbili zimegharimu nini. Sikujua nilitaka aseme nini. Pole, labda. Alisikiliza, akauliza, "Kweli alitenganisha? Wiki nzima?" Nikasema kweli, wiki nzima, juu ya kabati. Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Ndaga," asante ya kwetu, akaenda kwenye kahawa yake.

Siku tisa baadaye mtu wa Tukuyu akashuka na lori mbele ya nyumba ya Jailos, amebeba mfuko mzito wa katani. Ndani yake, zimepakwa grisi na kuviringishwa kwa majani ya mgomba, zilikuwa jointi mbili. Nzima. Mzee alikuwa amezifungua kwenye gari lake mwenyewe, gari ambalo halikwenda popote ila kanisani.

Jailos alizinyanyua moja moja, akazizungusha sikioni. Hazikulia. Macho yake, nasema ukweli, yalikuwa yamejaa. Akaniuliza kama kuna barua. Kulikuwa na kikaratasi chini ya mfuko. Nikakisoma.

*Kwa Jailos. Hizi ni za mke wa Saulo. Gari lake linalia, watu wameniambia. Siwezi kumpelekea na sitaki zipite mikono ya mtu nisiyemwamini. Umfungie wewe. Andendekisye.*

Nilikirudia nikitafuta sentensi nyingine upande wa pili. Haikuwepo.

"Za Sekela," akasema Jailos.

"Za Sekela. Lakini shemeji, gari la Sekela bado linatembea. La kwako limekufa. Mzee yuko Tukuyu, haonani naye, hawezi kumuuliza. Sikiliza..."

"Fanueli."

"Nasema tu."

"Nipe spana ya saba kwa nane."

Alizifunga siku ileile, jua la mchana likimchoma mgongo, chini ya gari la Sekela pale uani kwetu. Hakuna mwingine Mbeya aliyejua kuzifunga. Alifanya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kumwona akifanya, na alitukana mfululizo, Kisafwa, Kinyakyusa na Kiswahili cha machimbo, kuanzia nati ya kwanza mpaka ya mwisho. Sekela alipomuuliza zimetoka wapi, alisema, "Zimetoka mahali unapopaheshimu." Sekela akashika kanga yake akatazama chini.

Jioni Sekela alilijaribu. Aligeuza gari chini ya kilima cha Ilomba, akatia gia ya nyuma, akapanda kimya kimya, hakuna kilio, hakuna mbuzi, kama maji yanayopandishwa kwa bomba. Watoto wakamkimbilia, "Anarudi! Anarudi!" Jailos alisimama kando ya barabara mikono imejaa grisi, akafoka, "Shingo! Pindua shingo, usitegemee kioo! Taratibu, wewe mama, hizo hazina ndugu!"

Chama kiko hadi leo, ukitaka kujua. Mwenyekiti ni yeye, katibu ni mimi, Filemoni bado anaandika Iringa kwanza. Wanachama watano, gari linalotembea moja, na mwenye gari hilo haji mikutanoni kwa sababu ya mwanachama mwingine.

Mwezi Machi dada yangu alirudi sokoni na mitetea wawili na jogoo, wamefungwa miguu. Aliwaweka chini. Jailos aliwatazama. Akalitazama Kiatu, limekaa juu ya mawe, linang'aa. Akalitafuta lile shati lake, akalitandika kwenye kiti cha nyuma, akaufungua mlango mwenyewe.

"Mwisho hapo," akamwambia Tupokigwe. "Kiti cha dereva, hapana."